Mia Nane Ambayo Sikuipima

Yule mama alifika hospitalini amebebwa mgongoni na mwenye pikipiki, kwa sababu mlango wetu uko juu ya ngazi za mawe na miguu yake ilikuwa haimchukui tena. Binti yake alikuja nyuma, beseni kichwani, kitenge cha kubadilisha begani, termosi mkononi. Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uuguzi, niko kwenye staji, mafunzo ya kazini, katika salle ya wanawake, yaani wodi yao, na nilikuwa nimeshapata sifa. Fishi zangu, karatasi za vipimo vya wagonjwa, zilikuwa safi. Kila mstari umejaa, kila namba imesimama vizuri kwenye kisanduku chake. Baba yangu, mtu wa upande wa Bukavu, alifanya kazi ya ukarani maisha yake yote, na kwetu karatasi yenye nafasi tupu ilikuwa aibu sawa na kwenda misani na shati chafu.

Mama yule alikuwa wa Butembo. Hapa Goma aliuza samaki wa chumvi wanaotoka Vitshumbi, na hata baada ya binti yake kumwosha mara mbili harufu ya samaki ilikuwa bado iko kwenye vidole. Mume wake alikuwa mfanyabiashara wa safari ndefu. Mji ulipotekwa na kubadilisha wakubwa, vita vilimkuta kwao Butembo, na tangu hapo alikuwa mtu wa kwenye simu tu. Kule wanakoishi, pembeni ya Mugunga, bomba lilikuwa limekauka wiki nzima, watu wakinywa maji ya ziwa. Alihara na kutapika siku tatu. Mgongo ulipoanza kumuuma akanunua vidonge vya maumivu sokoni, vya rangi mbili, akavimeza bila kuhesabu. Alipofika kwetu macho yalikuwa yameingia ndani, na ukimfinya ngozi ya mkono ilibaki imesimama.

Tulimpa serumu, maji ya mshipani, presha ikarudi, akaanza kuongea. Lakini hakukojoa. Tulimwekea sonde, mrija wa mkojo, na mfuko, na ndani ya mfuko kukashuka kitu kidogo, cheusi kama chai iliyosahauliwa motoni. Karatasi ya maabara iliporudi, daktari aliisoma mara mbili. Alikuwa kijana wa sauti ya chini, asiyependa kusimama mbali na mgonjwa. Alituita wanafunzi wote wanne tuzunguke kitanda.

"Mafigo yake hayajakufa," alisema. "Damu haikuyafikia siku tatu, na vile vidonge vimeyapiga tena. Tukimpa maji kidogo, yatakufa kweli. Tukimpa mengi na hayakojoi, maji yatapanda kwenye mapafu. Sasa, nani atatuambia tuko wapi?"

 Akauinua ule mfuko wa mkojo kwa vidole viwili.

"Huu. Kila saa sita mutapima, mutaandika. Miye nitaamua serumu kwa hiyo namba. Mumesikia?"

Tulisikia. Mimi niliandika hata kwenye daftari yangu na kupiga mstari chini yake.

Binti wa yule mama alikuwa rika langu, labda miaka ishirini na mbili. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alilala chini kwenye kitenge pembeni ya kitanda, alipika nyuma ya hospitali kwenye mkaa pamoja na jamaa wengine wa wagonjwa, na kila jioni alisimama mbele ya fishi iliyoning'inia kwenye kitanda na kuisoma kutoka juu mpaka chini. Niliona jambo hilo nikalichukulia kama udadisi. Wengi wa jamaa hawasomi zile fishi.

Mama mkubwa wa salle, yaani muuguzi aliyetusimamia, alikuwa mwanamke mnene anayetembea bila kelele. Alikuwa amefanya kazi kupitia vita karibu vyote ambavyo mji huu umeviona, na tulimwogopa. Mwanafunzi aliyeacha kisanduku kitupu alirudishwa nyumbani siku hiyo hiyo, na staji yake ikapungua siku. Alikuwa akisema, "Ukiniachia tundu kwenye fishi, mugonjwa atapita mule."

Jumatano asubuhi wagonjwa wa upande wa dirisha walikuwa wangu, na yeye alikuwa kati yao. Muuguzi wa usiku aliniambia amemwaga mfuko saa kumi na mbili na kuandika. Kazi yangu ilikuwa kupima tena saa sita mchana. Lakini asubuhi ile maji yalikatika, tukapelekwa kwenye tanki na bidoni za kutekea. Kisha akaletwa mwanamke aliyepigwa risasi kwenye paja, nikashika taa, nikashika bandeji, nikashika mkono wake. Nilipokumbuka kuangalia saa ilikuwa sita imepita, na sauti ya daktari ilikuwa tayari iko kwenye kitanda cha kwanza.

Nilikimbia mpaka kwa yule mama. Mfuko ulikuwa umelala bapa. Kwenye kona yake kulikuwa na mkojo kama nusu kikombe cha chai. Fishi ilikuwa na kisanduku kitupu, cheupe.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kwa usawa kile nilichofikiri, bila kujitetea na bila kujipaka tope zaidi ya lile lililopo. Nilifikiri binti ameumwaga. Asubuhi nilikuwa nimemwona akitoka chooni na ndoo, na jamaa wengi walikuwa na tabia hiyo, wanamwaga mfuko kwa kutaka kutusaidia. Ningeweza kumuuliza, lakini alikuwa nyuma, anapika. Ningeweza kuandika nusu kikombe na pembeni niandike: sijui. Ningeweza kuacha kisanduku wazi na kurudishwa nyumbani. Daktari alikuwa kwenye kitanda cha tatu. Hospitalini namba zetu tunazisema kwa Kifaransa, na kichwani ikanijia huit cents, mililita mia nane, kwa sababu juzi yake mgonjwa mwingine alikuwa amekojoa mia nane na kila mtu alifurahi. Ilikuwa namba nzuri. Niliiandika kwa mwandiko wangu mzuri. Ile nusu kikombe iliyokuwamo niliimwaga haraka kwenye ndoo ya chini, nikasimama wima.

Daktari alifika, akachukua fishi.

"Ah!" alisema, na uso wake wote ulifunguka. "Mia nane! Yameamka!"

Akamgeukia yule mama na kumwambia kwamba figo zake zimeanza kazi, kwamba sasa tutazisukuma na maji, lita mbili mchana na nyingine usiku. Mama mkubwa wa salle alinitazama, akatikisa kichwa kidogo, na kwake hiyo ilikuwa ni sifa. Mgonjwa alinyoosha mkono akanishika kiganja.

"Mutoto yangu," alisema, "mikono yako iko na baraka. Tangu Jumatatu nilikuwa naomba Mungu nikojoe tu. Kukojoa! Mutu anaomba Mungu mali, miye naomba mukojo."

Wagonjwa wa jirani walicheka. Na mimi nilicheka.

Saa nane mchana nilirudi nyumbani. Nilikula, nikafua kanzu yangu nyeupe. Wasiwasi ulinijia mara moja nikiwa naanika, nikajiambia kwamba muuguzi wa jioni atapima, na kama kuna kasoro ataiona. Nililala vizuri. Hilo pia lazima niliseme.

Muuguzi wa jioni alipima kweli. Alikuta mililita arobaini. Akaangalia juu ya fishi, akaona mia nane ya mchana, akafikiri ni sonde iliyoziba, kwa sababu figo iliyokojoa mia nane haiwezi kunyamaza ghafla hivyo. Aliisafisha sonde kwa sindano ya maji, akaendelea na serumu kama ilivyoandikwa, na yule wa usiku akafuata hivyo hivyo. Alifanya kazi yake sawasawa. Namba yangu ndiyo iliyomdanganya.

Alhamisi saa moja asubuhi nilimsikia kabla ya kumwona. Nilikuwa bado kwenye mlango wa salle, nafunga vifungo vya kanzu, nikasikia sauti kama ya sufuria ya maharagwe inayochemka. Yule mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono miwili ameikaza magotini, mdomo wazi, uso umevimba mpaka macho yamekuwa mistari. Binti alikuwa amemshika kiunoni ili asianguke mbele. Povu jepesi, la rangi ya waridi, lilitoka pembeni ya mdomo wake.

"Nakufa maji," alisema. Hakuweza kusema maneno matatu bila kuvuta pumzi. "Nakufa maji... mu nchi kavu."

Mama mkubwa wa salle alikuwa ameshafunga serumu. Aliniambia nilete oksijeni, nikaleta. Jenereta ilichelewa kuwaka, tukasubiri, kila mtu akiangalia ile mashine ndogo ya oksijeni kama inayoweza kuona haya. Daktari akaja anakimbia. Walimdunga dawa ya kukojoza, dozi kubwa, kisha nyingine. Tuliangalia mfuko. Hakuna kilichoshuka. Polepole sana, kwa oksijeni na kwa kumkalisha miguu ikining'inia, pumzi yake ilipungua kelele, lakini hakuweza kulala chali, na hatukujua atavumilia mpaka lini.

Daktari alichukua fishi. Alisoma, akarudia.

"Jana mchana mia nane. Jioni arobaini. Leo sifuri." Akainua kichwa. "Figo haifanyi hivi yenyewe. Kuna kitu kiliipiga."

Akamgeukia binti. "Mulimupa dawa gani?"

"Hakuna, docta."

"Dawa ya mizizi? Ya majani? Useme kweli, sitakufunga."

"Docta, mbele ya Bikira Maria, sikumupa kitu. Uji tu, na ule mukate mulisema."

Mama mkubwa wa salle alikuwa ameinama kwenye vitu vyao chini ya kitanda. Alitoa ile termosi, akafungua, akamimina kwenye kifuniko. Kilitoka kinywaji cha rangi ya majani makavu, vipande viwili vya jani vinaelea.

"Na hii?"

"Ni chai, mama. Chai ya mchaichai. Nakunywa miye mwenyewe."

"Mchaichai na nini tena?"

"Mchaichai peke yake."

"Munatuua wagonjwa," mama mkubwa alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Tunawaponyesha, usiku munaleta dawa zenu, asubuhi tunaanza tena. Jana figo za huyu mama zilikuwa zimeamka. Toka inje. Utaitwa."

Binti alimtazama daktari, kisha akanitazama mimi. Nilidhani ananitazama kwa sababu tulikuwa rika moja. Aliachia kiuno cha mama yake pole pole, akahakikisha nimekishika mimi mahali pake, akatoka.

Nilikuwa nimemshika mama yule, jasho lake linapenya kanzu yangu, na nikanyamaza. Nilinyamaza kwa saa mbili nzima. Nilibadilisha shuka. Nilipima presha. Nilipitia mlangoni mara mbili, nikamwona binti amekaa juu ya jiwe jeusi karibu na jiko la watu wote, na wanawake wengine waliokuwa wakipika wamesogeza masufuria yao mbali naye kidogo. Habari za sumu zinatembea haraka kuliko pikipiki. Mmoja alikuwa anamwuliza mwenzake kwa sauti ya kusikika kama ni kweli mtu anaweza kumpa mama yake mzazi.

Ndipo miguu yangu ikaniingiza kwenye chumba cha matunzo. Mama mkubwa wa salle alikuwa ameketi, anaandika kwenye rejista kubwa. Niliona neno la mwisho aliloandika: sumu ya dawa za kienyeji, na alama ya kuuliza.

"Mama," nilisema, "ile mia nane ya jana, sikuipima."

Hakuinua kichwa. Kalamu ilisimama.

"Rudia."

"Sikuipima. Nilichelewa. Mufuko ulikuwa karibu mutupu, nikafikiri mutoto yake ameumwaga. Nikaandika."

"Uliona nini ndani?"

"Nusu kikombe, mama. Niliimwaga."

Alifunga kalamu. Nilisubiri makofi, au kelele, na nadhani nilivitamani. Alikaa akiangalia ukuta, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi alivyochoka, mifuko chini ya macho, kanzu iliyoshonwa upya kwapani.

"Nimemufukuza mutoto wa watu mbele ya salle nzima," alisema hatimaye. "Twende."

Daktari alinisikiliza akiwa amesimama. Hakunitukana. Alichukua karatasi akajumlisha kila serumu iliyoingia tangu Jumatano mchana, akatoa mkojo uliotoka, akaandika jibu chini na kulizungushia duara. Karibu lita tatu na nusu zilikuwa zimeingia kwa mtu asiyekojoa. Akanipa fishi na kalamu.

"Piga mustari mumoja juu ya namba yako, usiifute. Andika kweli pembeni. Weka jina."

Niliandika. Mwandiko wangu mzuri ulikuwa umepotea, herufi zilitambaa kama za mtoto wa darasa la kwanza.

"Figo hazikuamka hata siku moja," daktari alisema, na sikujua kama anazungumza na mimi. "Na miye nilimwambia zimeamka."

Mama mkubwa alinishika begani. "Na yule binti? Nani ataenda kumuomba pardon? Miye nitaenda kwa yangu. Wewe enda kwa yako, na uende wa kwanza."

Nilienda.  Nilisimama mbele ya lile jiwe nikasema kila kitu, kwa sauti ya kusikika, ili wale wanawake wa jikoni walioamini kwamba amempa mama yake sumu wasikie na wao. Alinisikiliza bila kuinua macho. Nilipomaliza alisema hivi, na sijaongeza neno:

"Niliona mufuko. Nilijua hauko mia nane. Nilisoma fishi jioni, nikaangalia mufuko, nikasema: labda hawa wanapima ingine namna. Wao ndio wamesoma."

Akainuka, akachukua beseni lake, akanipita akaingia kwa mama yake.

Hospitalini kwetu hatukuwa na mashine ya kuosha damu. Ilikuwapo mjini, kwenye hospitali nyingine, lakini walipopigiwa simu walijibu kwamba vifaa vya kutumia na ile mashine vimekwisha, vinangojewa kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa kuwa ndege hazitui tena hapa. Labda Ijumaa. Labda Jumamosi. Mama mkubwa wa salle alipiga simu kwa kila mtu aliyemfahamu. Halafu aliniambia kwamba shule yangu itaambiwa, kwamba staji yangu imekwisha, lakini sitaondoka mpaka mgonjwa awe ameondoka.

"Utakaa naye. Utapima kila tone. Na usiandike kwa penseli."

Siku zile mbili nilijifunza figo kuliko miaka miwili ya darasani. Nilijifunza kwamba mtu ambaye figo zake zimesimama ana kiu ya kutisha na hutakiwi kumpa maji. Tulikuwa tumepewa ruhusa ya vikombe viwili kwa siku nzima. Nilimlowesha midomo kwa kitambaa, naye akakinyonya kitambaa kama mtoto. Nilijifunza kwamba ndizi, maharagwe, parachichi, vyakula ambavyo tunawapa wagonjwa wapate nguvu, vinaweza kuusimamisha moyo wake, kwa sababu ile chumvi iliyomo ndani yake, potasi, haina pa kutokea. Jamaa zake walileta ndizi nzuri na mimi nikazirudisha mlangoni, wakaniona mchawi. Ngozi ilimwasha, akajikuna mpaka damu. Pumzi yake ilinuka kama choo cha watu wengi. Aliniomba kioo, nikamdanganya kwamba hatuna.

Mume wake alipiga simu kutoka Butembo mara tatu kwa siku. Binti alikuwa analia akimsikia, kwa hiyo mimi ndiye niliyeshika simu sikioni mwa mgonjwa. Walizungumza Kinande, sikuelewa ila neno la Mungu na jina la Goma. Mara moja mzee yule aliomba azungumze na muuguzi.

"Mama infirmière," alisema, "barabara imefungwa, siwezi kufika. Nakuachia wewe. Umuchunge kama mama yako."

"Ndiyo, papa," nilisema. Binti alikuwa mbele yangu. Alisikia jibu langu, akageuza uso.

Mama mwenyewe hakuwa anajua. Daktari alimwambia kwamba tulikosea hesabu ya maji, na ilikuwa kweli, lakini alimwambia wakati akili yake imeanza kuyumba kwa sumu iliyojaa kwenye damu, figo zikishindwa kuitoa, na alichokamata ni kwamba maji ni mengi. Aliendelea kuniita mutoto yangu. Aliendelea kutafuta mkono wangu.

Jumamosi asubuhi vifaa vilivuka mpaka. Tulimpeleka kwa gari la hospitali, amekaa wima, mimi upande mmoja na binti upande mwingine, na kila gurudumu lilipopanda jiwe la lava alishika mikono yetu sote wawili. Kule walimwingizia mrija shingoni. Nilikuwa nimeisoma mashine ile kwenye vitabu, lakini sikuwa tayari kuona damu ya mtu ikitoka mwilini, ikizunguka kwenye mirija inayopitisha mwanga, ikirudi. Binti alisimama akishikilia ukuta. Baada ya saa nne walikuwa wamemtoa lita mbili za maji. Yule mama aliegemea nyuma, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, akalala chali akiwa ameziba macho kwa mkono. Tulidhani amezimia. Alikuwa amelala usingizi tu.

Hapo kazi yangu ilikwisha. Mama mkubwa wa salle alisaini karatasi yangu, chini akaandika sababu yote, neno kwa neno. Shuleni niliitwa mbele ya walimu watano. Walitaka kujua kama nilifundishwa kupima. Nilisema nilifundishwa vizuri sana. Nikapoteza mwaka. Baba yangu aliisoma barua yao mezani, akaikunja, na kwa wiki kadhaa alikula mapema kabla yangu.

Kila siku ya mashine nilienda kule hospitali nikasimama uani, sikuingia. Mlinzi ndiye aliyenipa habari. Baada ya mara ya tano aliniambia yule wa samaki amekojoa. Nilimuuliza kiasi gani. Alinishangaa. "Sasa miye nitajua wapi? Amekojoa tu, wanashangilia." Wiki iliyofuata alikuwa anakojoa sana, lita kwa lita, figo zilizoamka zinamwaga bila kuchagua, na akaachishwa mashine. Lakini hazikupona zote. Daktari wa kule alimwambia zimebaki kama nusu, azichunge maisha yake yote, na asionje chumvi.

Ilipita miezi minne ndipo nikapata moyo wa kwenda kwao. Nyumba yao ya mbao iko upande wa Mugunga, nyuma ya uwanja ambao ulikuwa umejaa mahema ya wakimbizi na sasa yamebaki mawe meusi na vipande vya plastiki. Mama alikuwa amekaa mlangoni, amekonda, miguu imevimba kidogo kwenye vifundo. Alinikumbatia kwa furaha ambayo sikuistahili. Biashara ya samaki ilikuwa imehamia kwa binti. Mama alikaa mbali na samaki, kwani harufu yao peke yake ilimpa hamu. Alikuwa akila viazi vilivyochemshwa mara mbili, maji yakimwagwa ili potasi itoke.

Nilimwambia. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nikasema kwa maneno mepesi: kwamba sikupima, kwamba niliandika uongo, kwamba maji yaliyompanda kwenye mapafu yalitokana na mkono wangu. Alinisikiliza, akapiga ulimi, akanipapasa goti.

"Mutoto yangu, mutu hafe siku yake haiyafika. Wewe ulinilowesha midomo. Hiyo tu ndiyo nakumbuka."

Binti alinisindikiza mpaka barabara ya Sake kutafuta pikipiki. Tulipofika karibu na lami alisimama.

"Mama amekusamehe," alisema, "juu hajaelewa. Anafikiri ulichanganya hesabu. Miye nimeelewa."

"Najua," nilisema.

"Wale wanawake wa jikoni, uliwaambia. Hiyo sijasahau. Lakini bado nikiota naona ile povu. Usirudi haraka. Labda siku moja nitakuita."

Pikipiki ilisimama. Alimwelekeza mwenye pikipiki njia ya kupita ili akwepe mashimo, akasimama mpaka nimepanda, kisha akarudi nyumbani kwa sababu ilikuwa saa ya kumpima mama yake presha. Alikuwa amejifunza kuipima mwenyewe.

Nilirudia mwaka, nikamaliza. Ninafanya kazi sasa, na wagonjwa wa figo wananipitia mikononi karibu kila wiki. Wanafunzi wa staji wanasema mimi ni mkali. Wakiniletea fishi yenye kisanduku kitupu siwarudishi nyumbani. Nawauliza kimetokea nini, na nangoja jibu, hata kama daktari tayari yuko kitandani. Wengine huniambia kweli. Wengine nawaona wakitafuta namba machoni mwangu, na siku hizo narudi kwenye mfuko mimi mwenyewe, nainama, napima.

Yule binti hajaniita bado.